Kazi ya mhudumu wa tiba ya tabia kwa mtoto mwenye usonji

Mtoto mwenye usonji anapoanza tiba ya tabia, mtu atakayemzoea kuliko wote si daktari, wala si mtaalamu aliyeandika mpango wa tiba. Ni mhudumu: mara nyingi kijana aliyemaliza sekondari au aliye bado chuoni, anayekaa na mtoto saa mbili, saa tatu, pengine zaidi, siku baada ya siku. Yeye ndiye anayemfundisha kuomba maji, kuvaa soksi na kungoja zamu. Lakini kwenye ngazi ya maamuzi yuko chini kabisa. Hasemi nani ana usonji na nani hana, hachagui malengo, na mpango haubadilishi hata akiona una kasoro. Mwenye saa nyingi zaidi na mtoto ndiye mwenye mamlaka madogo zaidi. Karibu kila kanuni ya kazi hii, iwe ya ufundi au ya maadili, imewekwa kwa sababu ya pengo hilo. Ukilielewa, mambo mengi yanayoonekana kama urasimu mtupu yanapata maana.

Tiba yenyewe ni tawi la uchambuzi tumizi wa tabia, unaojulikana kwa kifupi chake, ABA. Misingi yake iliandikwa wazi mwaka 1968 na Baer, Wolf na Risley huko Marekani. Kwa upande wa usonji, utafiti uliovuma zaidi ni ule wa Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 1987. Watoto wadogo 19 walipewa tiba ya takriban saa 40 kwa wiki, na Lovaas akaripoti kwamba 9 kati yao walifika kwenye kiwango cha kawaida cha akili na cha masomo. Utafiti huo umebishaniwa tangu siku hiyo. Ila jambo moja lilikuwa dhahiri: hakuna mtaalamu anayeweza kukaa saa 40 kwa wiki na kila mtoto. Hata kwa Lovaas, sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wanafunzi wa chuo waliofundishwa na kusimamiwa. Ngazi tunayoiona leo ilianzia hapo: juu mchambuzi wa tabia mwenye shahada ya uzamili, chini mhudumu.

Mwaka 2014 bodi ya Marekani inayotoa vyeti kwa wachambuzi wa tabia, BACB, ilianzisha cheti cha mhudumu kiitwacho RBT. Masharti yake ni mepesi ukilinganisha na uzito wa kazi: umri usiopungua miaka 18, elimu ya sekondari, mafunzo ya saa 40, kupimwa kwa vitendo na mtu mwenye sifa, kisha mtihani. Saa 40 ni sawa na wiki moja ya ofisini. Hakuna anayeiva kwa wiki moja, na walioweka masharti hayo wanalijua hilo, ndiyo maana wakakiambatanisha cheti hicho na usimamizi usiokoma. Nchi nyingi hazitumii cheti cha bodi hiyo, na wahudumu huko wanaitwa majina mengine. Hata hivyo ujuzi unaohitajika ni uleule.

Kuona kwanza, kueleza baadaye

Ukiniuliza ujuzi wa kwanza wa mhudumu ni upi, sitataja uvumilivu wala upendo kwa watoto, ingawa vyote viwili vinahitajika. Nitataja uwezo wa kuandika alichokiona bila kuchanganya na anachokifikiria. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika.

Chukua sentensi hii: "Alikasirika akafanya fujo." Haina faida yoyote kwa mchambuzi. Hasira haionekani, na fujo ya mhudumu mmoja ni uchangamfu kwa mwingine. Sasa linganisha na hii: "Aliambiwa arudishe vipande kwenye boksi. Baada ya sekunde 5 alitupa kikombe, akalala sakafuni, akalia kwa dakika 4." Hapa mtu ambaye hakuwepo anaweza kuona kilichotokea. Ndiyo sababu kila tabia inayofuatiliwa hupewa maelezo ya wazi kabla ya kuanza kuhesabiwa, kiasi kwamba watu wawili wakiitazama kwa wakati mmoja watakubaliana kama imetokea au haijatokea. Mara kwa mara msimamizi huja, akakaa pembeni na kuandika peke yake, kisha karatasi mbili zikalinganishwa. Zikitofautiana sana, hakuna haja ya kumlaumu mtu kabla ya kuangalia kama maelezo ya tabia yenyewe yana utata.

Namna ya kupima nayo ina uzito. Mtoto aliyelia mara tatu leo na mara tatu jana anaonekana hajabadilika, hadi upime muda: jana alilia dakika 40 kwa jumla, leo dakika 6. Kuhesabu mara peke yake kungeficha maendeleo makubwa. Kwa tabia nyingine kinachohitajika ni muda unaopita kati ya agizo na mtoto kuanza kulitekeleza. Pia kuna tabia zinazotokea mfululizo kiasi cha kushindwa kuhesabika. Hizo hupimwa kwa kugawa muda vipande vidogo na kuangalia katika kila kipande kama tabia ilijitokeza. Njia hiyo ina upungufu wake. Ukiweka alama kwenye kila kipande ambacho tabia ilionekana hata kidogo, utaikuza kuliko ilivyo; ukiweka alama pale tu ilipodumu kipande kizima, utaipunguza. Mhudumu hachagui njia, lakini asipojua kwa nini imechaguliwa ataitumia vibaya bila kujua.

Kishawishi kikubwa kinakuja mwisho wa kipindi. Mikono ilikuwa na kazi, mtoto alikuwa na siku nzito, na sasa karatasi ina nafasi tupu. Kukumbuka kwa kukisia kunaonekana hakumdhuru mtu. Kunamdhuru mtoto. Mchambuzi anasoma grafu, na grafu ikionyesha majibu 9 sahihi kati ya 10 kwa siku tatu mfululizo, atasema lengo limefikiwa, tusonge mbele. Mtoto ambaye kwa kweli alikuwa kwenye 6 anasukumwa kwenye hatua asiyoiweza, anaanza kukataa, na ukataaji huo unaandikwa kama tabia mpya ya tatizo. Nafasi tupu yenye maneno "sikurekodi" ni data bora kuliko namba ya kubuni.

Kabla na baada

Kurudi kwa kikombe kile. Tiba hii haiulizi sana mtoto ana tabia gani. Inauliza tabia inamletea nini. Mhudumu huandika mambo matatu: kilichotangulia, tabia yenyewe, na kilichofuata. Baada ya kurudia mara nyingi, mwelekeo hujitokeza. Kwa kawaida tabia huwa na kazi mojawapo kati ya nne: kupata watu wamwangalie, kupata kitu anachokitaka, kuepuka jambo lisilopendeza, au kupata hisia fulani mwilini isiyotegemea mtu mwingine. Tabia moja inaweza kubeba zaidi ya kazi moja.

Tofauti hizi zinageuza kabisa hatua inayofaa. Mtoto akitupa kikombe kila anapopewa kazi ngumu, na kila mara watu wazima wakamtoa mezani "akapumzike akili", amejifunza kwamba kutupa kikombe ndiko kunakoondoa kazi. Kumtoa chumbani, jambo ambalo mtu mwingine angeliita adhabu, kwake ni malipo. Lakini kama alitupa kikombe ili mama ageuke amwangalie, kumkemea kwa sauti ndiko kulikomlipa. Kikombe ni kilekile na kelele ni zilezile, ila dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Kwa hiyo mhudumu anayefuata hisia zake za papo hapo, hata akiwa na moyo mzuri namna gani, anaweza kwa wiki nzima kuwa anaikuza tabia anayojaribu kuipunguza.

Kujua kazi ya tabia kunafungua njia ya kumpa mtoto kitu kingine cha kufanya. Mwaka 1985 Carr na Durand walionyesha kwamba watoto wakifundishwa kuomba kwa maneno kile walichokuwa wakikipata kwa vurugu, vurugu hupungua. Mtoto anayetupa kikombe ili kazi iondoke anafundishwa kuomba mapumziko: kwa neno, kwa ishara ya mkono, kwa kadi ya picha, kwa kubonyeza tableti, vyovyote anavyoweza. Mwanzoni anapoomba apewe, mara moja na kila mara, hata kama ameomba ndani ya sekunde 10 za kwanza. Wapo wahudumu wapya wanaoona hapo mtoto anashinda. Anachofanya ni kuzungumza, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Upande wa pili ni kuacha kuilipa tabia ya zamani, na hapa tahadhari inahitajika. Tabia iliyozoea kulipwa ikinyimwa malipo mara nyingi hupanda kwanza ndipo ishuke: kilio kinarefuka, kikombe kinafuatiwa na kiti. Mtu mzima akivumilia kilio kidogo, kisha akasalimu amri kilipofika kilele, amemfundisha mtoto kwamba kulia kidogo hakutoshi. Kwa sababu hiyo hatua hii haianzishwi kwa uamuzi wa mhudumu peke yake. Lazima iwepo kwenye mpango, familia iwe imeelezwa na kukubali, na iandikwe wazi nini kifanyike mtoto akianza kujiumiza.

Msaada unaopaswa kuondoka

Kufundisha katika tiba hii kuna sura mbili kuu. Kuna mazoezi mafupi ya mezani: agizo moja, jibu la mtoto, matokeo, pumziko dogo, kisha tena. Na kuna kufundisha ndani ya mchezo na shughuli za kawaida, ambako mtoto akitaka gari lililo juu ya rafu, kutaka kwake kunakuwa nafasi ya somo. Mipango mizuri huchanganya zote mbili, kwa sababu neno lililojifunzwa mezani tu huwa linabaki mezani.

Katika zote, mhudumu hutoa msaada: kumshika mkono, kumwonyesha mfano, kunyoosha kidole, kumtamkia mwanzo wa jibu. Ujuzi ulipo ni katika kuuondoa. Mtoto aliyezoea msaada huacha kufikiri, akabaki kusubiri tu, na msaada unaweza kutoka kwa mhudumu bila yeye mwenyewe kujua. Mtazame mhudumu mpya akiwa ametandaza picha tatu mezani na kusema, "Nionyeshe kiatu." Kabla mkono wa mtoto haujanyanyuka, macho ya mhudumu yameshakimbilia kwenye kiatu. Mtoto anafuata macho, anapata sifa, na karatasi inaandika "sahihi, peke yake". Siku msimamizi anapokaa kwenye kiti kile huku akitazama ukutani, mtoto anachagua picha yoyote. Alichokuwa amejifunza ni kusoma uso wa mtu mmoja. Dawa yake ni ya kawaida: kubadilisha nafasi za picha, kutazama mbele, na kumwomba mwenzako akuangalie ukifanya kazi.

Kuhusu kiimarisho, yaani kile kinachofuata tabia na kuifanya ijirudie, wengi hudhani ni zawadi yoyote. Kitu hakiwi kiimarisho kwa sababu mtu mzima amekipenda, bali kwa sababu tabia imeongezeka baada ya kukitoa. Mapovu ya sabuni yaliyomchekesha jana leo hayamgusi, na mtoto asiyependa makelele hatafurahia kupigiwa makofi. Hivyo mhudumu hupima upya mara kwa mara kwa kumwekea mtoto vitu viwili au vitatu na kuona anachagua kipi. Kisha anakitoa papo hapo. Sekunde 20 za kutafuta kwenye mkoba zinatosha kulipa tabia nyingine iliyojitokeza katikati.

Stadi zenye hatua nyingi, kama kunawa mikono, hukatwa vipande: fungua maji, lowesha, paka sabuni, sugua, suuza, funga, futa. Mara nyingine huanzwa kutoka mwisho, mtoto akisaidiwa hatua zote isipokuwa ya kufuta, ili kila mara amalize kazi yeye mwenyewe. Hilo peke yake hubadilisha namna mtoto anavyoingia bafuni.

Wanachosema watu wenye usonji

Makala ya aina hii haiwezi kukwepa hili. Miaka ya mwanzo Lovaas na wenzake walitumia adhabu za kuumiza, na watu wazima wenye usonji waliopitia tiba hizo, pamoja na wengine waliopitia za baadaye, wameandika wazi walivyolazimishwa kutazama watu machoni na kutuliza mikono iliyokuwa ikiwatuliza wao. Naona wana haki. Mtoto akipunga mikono kwa furaha bila kujiumiza wala kumzuia mtu, kumzuia ni kuwafurahisha watazamaji. Malengo yanayostahili saa za mtoto ni yale yanayompa uwezo: kuomba, kukataa, kusema panapouma, kujihudumia, kuwa salama.

Kukataa ni stadi. Maadili mapya ya wachambuzi wa tabia, yaliyoanza kutumika mwaka 2022, yanataja ridhaa ya anayehudumiwa hata pale anapokuwa hawezi kutoa idhini kisheria. Kwa mtoto asiyezungumza ridhaa husomwa mwilini: anageuza kichwa, anakaza mabega, anasukuma vifaa, anakimbilia mlangoni anapomwona mhudumu akiingia. Mchambuzi anayekuja mara chache hataviona hivyo. Mhudumu ataviona. Ni wajibu wake kuviandika na kumwambia msimamizi kwamba somo hili mtoto analikimbia siku ya tano sasa, hata kama majibu yake ni sahihi.

Mlangoni, kwenye simu, kwenye karatasi

Mwenendo wa kikazi hujaribiwa zaidi kipindi kikiwa kimekwisha. Mama anakusindikiza mlangoni na kukuuliza: "Wewe ndiye unayekaa naye. Niambie ukweli, mwanangu ataongea?" Hapo kuna kishawishi cha kumfariji, na pia kishawishi cha kujionyesha mjuzi. Jibu la kweli halina ukali: "Mama, hilo siwezi kulitabiri, na nisingependa kukuambia jambo nisilolijua. Ninachoweza kukuambia ni kwamba leo ameomba maji kwa kadi mara nne bila kusaidiwa. Swali lako nitalifikisha kwa msimamizi leo, naye atakupigia." Kisha alifikishe kweli. Vivyo hivyo kwa dawa, lishe na tiba mbadala: mhudumu hashauri kuanza wala kuacha.

Siri ya mtoto haiishii kwenye jina. Picha ya mikono yake akipanga maumbo, ikiwekwa kwenye status ya simu kwa nia njema kabisa, inatosha kwa jirani kumtambua kwa nguo au kwa zulia. Zawadi nazo zina mpaka. Maadili ya RBT yanataja dola 10 za Marekani kuwa kikomo. Watu huona ni ubahili, lakini kinachokwepwa ni mazoea ya familia kuhisi inalipia wema, au mhudumu kuona aibu kusema jambo lisilopendeza. Hofu ni ileile mhudumu anapoombwa alee mtoto wikendi au awe mshirika wa biashara ya baba. Akishakuwa mtu wa nyumbani, hawezi tena kuandika alichokiona bila kufikiria nani ataumia.

Na kuandika hakukwepeki. Taarifa ya kipindi inaweza kusomwa na mzazi, bima, mwalimu, hata hakimu. "Leo alikuwa mtundu, nadhani nyumbani wanamdekeza" ni hukumu juu ya familia isiyokuwepo kujitetea. "Mama ameeleza kuwa mtoto alilala kwa muda wa saa nne tu usiku wa jana. Alikataa shughuli 5 kati ya 8. Alipumzika mara tatu kwa kuomba mwenyewe" ni taarifa inayomsaidia mchambuzi kuona usingizi una nafasi gani. Muda wa kuanza na kumaliza huandikwa ulivyo. Kuongeza robo saa ambayo hukuwepo ni wizi, hata kama kila mtu ofisini anafanya hivyo. Ukiona alama mwilini au mtoto akaonyesha jambo linaloashiria kudhulumiwa, huanzi kumhoji wala kuchunguza. Unaandika ulichokiona na kuripoti siku hiyohiyo kwa njia iliyowekwa na sheria ya mahali ulipo.

Yote haya yanabebwa na usimamizi. Kwa mwenye RBT kiwango cha chini ni asilimia 5 ya saa zake za kazi kila mwezi: aliyefanya saa 100 asimamiwe saa 5, akutane na msimamizi angalau mara mbili, na angalau mara moja kati ya hizo msimamizi amwone akiwa na mtoto. Mhudumu anayejali huja kwenye mikutano hiyo na maswali yaliyoandikwa, na huomba atazamwe kwenye somo linalomshinda, si lile analolifanya vizuri. Msimamizi asipoonekana, mhudumu ana wajibu wa kusema hivyo kwa maandishi, kwanza kwa msimamizi huyo, kisha kwa aliye juu yake. Mzazi naye ana haki ya kuuliza msimamizi ni nani, alikuja lini mara ya mwisho, na kuomba aonyeshwe grafu ya mwanawe na kuelezwa kila mstari unahesabu nini.